Mwongozo Kamili wa Kutunga Wimbo wa Kejeli Kuhusu Ukoloni na Maradhi, kwa Mfano wa Sotoka

Mwaka 1893 Frederick Lugard, ofisa wa Kiingereza aliyepita nchi hizi wakati zinagawanywa, aliandika katika kitabu chake kwamba sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki ilikuwa msiba wa kutisha. Akaongeza kwamba kwa upande mwingine msiba huo uliwasaidia Waingereza: wafugaji waliokuwa wakali na wenye nguvu walinyenyekezwa, na njia ikawa nyepesi. Aliyaandika hayo waziwazi, yakachapishwa London, watu wakayasoma.

Kwa mtunzi wa wimbo wa kejeli, huo ni mtaji mkubwa kuliko tusi lolote. Mkoloni amekwisha kukiri mwenyewe, na kazi yako ni kumpandisha jukwaani, umpe kofia yake na nishani zake, kisha umwache aendelee kujisifu mpaka hadhira ione aibu kwa niaba yake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo, kuanzia kutafuta habari hadi kuimba mbele ya watu. Mfano wangu ni sotoka, na beti zote zilizomo nimezitunga kwa ajili ya somo hili. Zichukue, zipindue, uzipite.

Hatua ya kwanza: shika tukio moja

Kosa linalorudiwa sana katika nyimbo za aina hii ni kutaka kuueleza ukoloni wote katika dakika nne: mkutano wa Berlin wa kuligawa bara, minyororo, kodi, viboko, ndui na uhuru, vyote ndani ya beti sita. Msikilizaji hapati pa kushika. Chagua ugonjwa mmoja, mahali pamoja, na miaka michache.

Sotoka inafaa kwa sababu ina mwanzo unaojulikana, ina safari, na ina matokeo yanayoonekana kwenye ramani mpaka leo. Lakini yapo matukio mengine yenye wimbo ndani yake. Tekenya, wale funza wa miguuni, walitoka Amerika ya Kusini wakashukia Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, wakalikata bara kwa miguu ya wapagazi na askari wa misafara, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika pwani yetu. Hapo una mhusika mdogo anayesafiri bure kwenye vidole vya watu. Malale ya Ziwa Victoria iliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda kati ya 1900 na 1920. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amepata Nobel mwaka uliotangulia, alikwenda visiwa vya Sese kuwajaribia wagonjwa dawa yenye aseniki iitwayo atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Wimbo huo unahitaji mkono mzito na moyo mpole, nami nisingemshauri anayeanza auguse. Halafu kuna wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko risasi, na ambao kambi zao zimeacha majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Watu hununua nyanya pale kila siku.

Ukishachagua, usitoke nje ya chaguo lako. Mengine yatapata nyimbo zao.

Hatua ya pili: kusanya ukweli mpaka uwe na zaidi ya unavyohitaji

Andika kwenye karatasi kila unachoweza kukithibitisha. Kwa sotoka, karatasi yangu ina mambo haya.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba ugonjwa uliingia Massawa, bandari ya Eritrea, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ethiopia ikapigwa kwanza, ng'ombe wa kulimia wakafa, njaa kubwa ikafuata. Kufikia 1891 sotoka ilikuwa imeenea nchi ya Wamaasai, mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi, mwaka uliofuata ikafika ncha ya kusini ya bara. Sehemu nyingi inakadiriwa kwamba asilimia 90 ya ng'ombe walikufa. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa pia.

Umaasaini sotoka haikuja peke yake. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetangulia miaka ya 1880, ndui ikafuata karibu mara moja, na kipindi kizima Wamaasai wanakikumbuka kwa jina la Emutai. Mvumbuzi Oscar Baumann alipita Ngorongoro mwaka 1892 akawakuta watu waliokonda mpaka mifupa, na morani wasioweza kusimama. Miaka michache nyuma, misafara mingi ilikuwa ikizunguka mbali ili isikutane na morani hao.

Kisha andika kilichofuata. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mkataba na Wamaasai chini ya kiongozi wao Olonana, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi, sehemu moja ikapelekwa Laikipia na nyingine kusini. Mkataba uliahidi kwamba makazi hayo mapya yangekuwa yao muda wote taifa la Wamaasai litakapokuwepo. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, wakaondolewa Laikipia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa, hoja ikiwa kwamba ule ulikuwa mkataba baina ya madola, hivyo mahakama haina mamlaka nao. Yaani siku ya kuchukuliwa ardhi walikuwa raia wa kuamrishwa, na siku ya kudai haki wakageuzwa dola la kigeni. Hapo mtunzi asipopata ubeti, atafute kazi nyingine.

Mwisho, habari ya ugonjwa wenyewe. Chanjo iliyosaidia sana kuumaliza ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya kuzunguka 1960. Kisa cha mwisho kilionekana kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangaza rasmi kwamba sotoka imekwisha.

Sasa chukua kalamu ya rangi nyingine uandike yale usiyoruhusiwa kuyasema. Hakuna ushahidi kwamba Waitalia au Waingereza waliingiza sotoka kwa makusudi, kwa hiyo wimbo usiseme hivyo. Ndui haikuanza na Wazungu pwani hii. Ilikuwepo kabla yao, ila vita, njaa na misafara viliipa miguu. Vimelea vya malale navyo ni vya bara hili hili. Ukoloni ulivuruga makazi, ukahamisha watu kwa nguvu, na kule ng'ombe walikokufa, malisho yakageuka vichaka, na baada ya muda mbung'o, wadudu waenezao malale, wakavitawala. Ziko sehemu nyingine za dunia ambako ugonjwa uliwahi kutumiwa kama silaha kwa kukusudia, lakini habari hizo zibaki kwao. Ukizichanganya humu, atatokea mtu mmoja aliyesoma, atasahihisha mstari mmoja, na wimbo wako wote utaanguka pamoja na ukweli uliobeba.

Nalikazia jambo hili kwa sababu nadhani ndipo nyimbo nyingi za hasira zinapopoteza nguvu. Kilichotokea kinatisha vya kutosha, hakihitaji chumvi. Mtu aliyekuta jirani yake amelala hoi kwa homa, akaingia shambani mwake na kuweka uzio, hana haja ya kusingiziwa kwamba ndiye aliyemwambukiza.

Hatua ya tatu: amua nani anasema na nani anasemwa

Kejeli ina mlengwa. Kabla ya mstari wa kwanza, jaza sentensi hii: "Wimbo huu unamcheka fulani kwa sababu anadai hivi huku akifanya vile." Yangu inasomeka hivi: wimbo unamcheka ofisa wa kikoloni kwa sababu anajidai alishinda kwa ushujaa na ustaarabu, huku ugonjwa ndio uliomfagilia njia.

Mlengwa ni ofisa na dola lake. Rangi ya ngozi haihusiki, na mgonjwa hahusiki kabisa. Kama mstari wowote unamchekesha msikilizaji kwa sura ya mtu aliyekonda au aliyetoboka ndui, mstari huo ufute hata kama una vina vya kupendeza.

Kuhusu msemaji, una njia tatu. Ya kwanza ni msimulizi anayemshambulia mkoloni moja kwa moja. Ya pili ni ugonjwa wenyewe kuongea kama mtu, kwa tashihisi. Ya tatu ni kumwachia mkoloni mwenyewe aseme. Mimi nashauri ya tatu. Msimulizi mwenye hasira huchosha baada ya ubeti wa pili, kwa kuwa hadhira inakubaliana naye tangu mwanzo na haina la kufanya. Mkoloni anayejisifu anaiachia hadhira kazi: kila anachokisema, wao ndio wanaogundua uongo uliomo, na furaha ya kugundua ndiyo inayowafanya waitikie kwa nguvu.

Kwa hiyo weka tukio. Bwana Mkubwa ameita paredi. Anatoa nishani. Anayepewa nishani ni Sotoka, kwa utumishi uliotukuka. Picha hiyo moja inabeba wimbo mzima, na kila ubeti uwe sehemu ya hotuba ya siku hiyo.

Sheria moja juu ya msemaji huyu: asijue kwamba anachekesha. Akikonyeza jicho, akijiita "mimi mwizi," kejeli imekufa. Azungumze kwa heshima, shukrani na kujiamini, kama wanavyozungumza wakubwa siku ya sherehe.

Hatua ya nne: chagua umbo linalokwenda na gwaride

Kiswahili kina hazina ya bahari, yaani aina, za ushairi, na kishawishi ni kukimbilia tarbia, ubeti wa mishororo minne, yenye mizani (silabi) kumi na sita, vipande viwili kila mshororo. Ni umbo zuri la kujadiliana, ila kwa wimbo wa kuitikiana ni refu mno. Waitikiaji wanasubiri mpaka wanasahau. Nimechagua mizani nane kwa mshororo, mishororo minne kwa ubeti, yaani kipimo cha utenzi. Mizani nane inaingia sawasawa kwenye mwendo wa gwaride: kushoto, kulia, mara nne. Pia ndicho kipimo ambacho watunzi wa pwani walitumia kusimulia vita vyao na Wajerumani karne hiyo hiyo, hivyo masikio ya watu yanakitambua kama sauti ya kusimulia vita.

Vina viwe hivi: mishororo mitatu ya kwanza iishe kwa kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, na wa nne uishe kwa kina kimoja kisichobadilika wimbo mzima. Kwa kuwa mhusika wetu ni Sotoka, kina cha kudumu ni "ka." Kiswahili kina maneno mengi ya kukusaidia hapo: fika, toka, katika, anguka, ondoka. Kabla hujajifunga na kina chochote, orodhesha maneno ishirini yanayoishia nacho. Ukiishia saba, badilisha.

Hesabu mizani kwa vidole, kwa sauti. "Mkataba" ni nne: m-ka-ta-ba. "Bwana" ni mbili. "Nchi" ni mbili, kwa sababu ile "n" inasimama peke yake. Maneno kama "ardhi" yana ubishi, kila mtunzi na hesabu yake, basi ukiweza yakwepe.

Hatua ya tano: anza na kiitikio

Usianze na ubeti wa kwanza. Kiitikio ndicho watakachorudi nacho nyumbani, kwa hiyo kipate akili yako ikiwa bado haijachoka. Kiwe kifupi, kiwe na swali na jibu, na jibu la mwisho ligeuze mambo. Changu ni hiki, manju akiuliza na watu wakijibu:

Ni nani kashinda vita?
Sotoka, bwana, Sotoka!
Nishani nani kapata?
Ni bwana, siyo Sotoka!

Mara ya kwanza watu wataimba tu kwa sababu kinaimbika. Mara ya tatu, wakishasikia beti mbili, jibu la mwisho litaanza kuwachoma. Ndivyo kiitikio kizuri kinavyofanya kazi: maneno hayabadiliki, bali beti zinazokitangulia zinakipa uzito mpya kila kinaporudi.

Ona pia kwamba "bwana" wa jibu la kwanza na "bwana" wa jibu la mwisho si mmoja. Wa kwanza ni yule wa kuitikia tu, "ndiyo bwana." Wa pili ni Bwana Mkubwa mwenyewe. Usilieleze hilo jukwaani. Wataliona.

Hatua ya sita: andika beti, kila ubeti na jambo lake moja

Rasimu ya kwanza ya wengi huwa na mistari ya namna hii:

Mkoloni mkatili,
Kaleta ugonjwa mkali

Mstari wa pili una mizani tisa, lakini hilo ni dogo. Tatizo kubwa ni kwamba hakuna kinachoonekana. Mkatili kwa nini? Mkali vipi? Kila neno ni hukumu, na hadhira haijaonyeshwa ushahidi. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya pili, uchukue kitu chenye umbo.

Ubeti wa kwanza unafungua sherehe tu:

Njooni nyote paredi,
Jipangeni kwa idadi,
Leo natoa zawadi
Kwa jemadari Sotoka.

Wa pili unasimulia safari ya jemadari. Massawa limeingia kwa jina lake, kwa kuwa jina la mahali huufanya wimbo uaminike:

Alishukia Massawa,
Bila ya cheo kupewa,
Kila boma likaliwa,
Risasi haikutoka.

Hapa kazi imefanywa na neno "likaliwa." Ningeweza kusema ng'ombe wakafa, ila boma kuliwa linakusanya ng'ombe, maziwa, mahari na heshima ya mwenye boma kwa neno moja. Ukitafuta kitenzi, jaribu vitatu au vinne kabla ya kukubali.

Wa tatu ndio moyo wa kejeli, kwani Bwana Mkubwa anakiri woga wake bila kujua:

Wenye mikuki na ngao,
Nilipita mbali nao,
Leo nimekaa kwao
Kwa hisani ya Sotoka.

"Kwa hisani ya" ni lugha ya mabango na sherehe, tunaisikia redioni kila siku wafadhili wakishukuriwa. Kuiweka kinywani mwa mtu anayemshukuru ugonjwa kunatosha, hakuna haja ya kivumishi kingine. Tafuta misemo ya namna hiyo, ile ya kiofisi na ya kiungwana: kwa niaba ya, kwa heshima na taadhima, utumishi uliotukuka. Lugha ya sherehe ikivikwa msiba, msikilizaji hushtuka mwenyewe.

Wa nne ni ardhi:

Nikaandika barua:
"Nchi tupu, nachukua."
Mwenyewe anaugua,
Hajui nimeshafika.

Wa tano ni mkataba wa 1904 na wa 1911. Nilitaka kutaja miaka yote miwili, mizani ikakataa, na nafikiri ilikataa kwa wema. Hesabu ya miaka inatosha:

Mkataba tukatia,
"Daima" nikaapia,
Saba ikishatimia
Daima ikakatika.

Ubeti huu usikimbizwe. "Daima" ya kwanza itamkwe kwa kiapo, mkono kifuani. Ya pili isemwe kikawaida kabisa, kama mtu anayetaja kamba iliyochakaa.

Kisha badilisha msemaji. Baada ya beti tano za majigambo, sikio linahitaji sauti nyingine, na mwenye haki ya neno la mwisho ni aliyenyang'anywa. Mpe ubeti mmoja tu. Asitukane, asilie, aseme hali ilivyo:

Sotoka leo hayupo,
Kafutwa kila alipo,
Na uzio bado upo,
Nami sijaruhusika.

Ukitaka beti zaidi, ziingize kati ya wa tatu na wa tano, kamwe usiweke baada ya huu. Ipo nafasi ya ubeti wa vichaka na mbung'o, na upo ubeti wa mahakama ambao nimekuachia kwa makusudi, kwa sababu ni mgumu na utakufundisha. Kidokezo: mwache hakimu naye apande jukwaani kumpongeza Sotoka.

Jambo la lugha usilipuuze. Kila utawala ulikuwa na maneno yake. "Hamsa ishirini," viboko ishirini na vitano, ni ya enzi ya Mjerumani huku Tanganyika. Usiiweke kinywani mwa ofisa wa Kiingereza wa Naivasha. "Kipande" cha mfanyakazi kilikuja Kenya baada ya mikataba hii ya Wamaasai. Wazee watakugundua kwa neno moja tu.

Hatua ya saba: pima wimbo usiwaumize waliokwisha kuumia

Soma wimbo wote ukijifanya wewe ni mjukuu wa mtu aliyekufa kwenye Emutai. Je, babu yako amefanywa kichekesho? Je, ameonekana mjinga aliyedanganywa, au mtu aliyekuwa mgonjwa na mwenye njaa wakati mwenzake anaandika barua? Tofauti hiyo ndogo ndiyo heshima yote. Katika ubeti wa nne nilikuwa na neno "amelala" kabla ya "anaugua." Nikaliondoa, kwa kuwa mtu aliyelala anaweza kuonekana mvivu, na uvivu wa Mwafrika ni uongo ambao wakoloni waliueneza kwa bidii.

Pima pia upande wa tiba. Wimbo unaodhihaki udaktari wa kikoloni unaweza kuchukuliwa na wanaoeneza hofu ya chanjo, wakauimba kwa lengo lao. Sotoka ilimalizwa kwa chanjo, na chanjo iliyosaidia sana ilitoka Muguga, ikafika kwa mifugo kwa mikono ya wataalamu na wafugaji wa bara hili waliokubali mifugo yao ichanjwe mmoja mmoja. Ndiyo maana neno "kafutwa" limo kwenye ubeti wa mwisho. Ukitunga juu ya Koch na Sese, hapo uwe mwangalifu mara mbili: kinachokemewa ni kumfanya mgonjwa asiye na uwezo wa kukataa kuwa chombo cha majaribio, si sindano.

Ukiweza, mpelekee Mmaasai akusomee kabla hujauimba hadharani, hasa mtu mzima. Muulize mambo mawili tu: ni mstari gani si kweli, na ni mstari gani unauma vibaya. Kisha nyamaza umsikilize.

Hatua ya nane: muziki na jukwaa

Muziki wa wimbo huu tunao tayari. Ngoma ya beni ilianza miji ya pwani miaka ya 1890, ikasambaa bara na miji mingi ya Tanganyika, vijana wakiiga bendi za kijeshi za wakoloni, wakivaa sare, wakipeana vyeo vya Kingi na Gavana, wakishindana makundi kama Marini na Arinoti. Ilikuwa burudani, ilikuwa umoja wa kusaidiana, na ndani yake mlikuwa na jicho kali lililomwangalia mkubwa anavyotembea. Tumia umbo hilo. Ngoma kubwa ishike hatua, ngoma ndogo ijaze, tarumbeta moja ifungue kila ubeti kwa sauti fupi ya kuita paredi. Kama huna tarumbeta, filimbi ya refa inatosha, na meza ikipigwa vizuri inafaa kuwa ngoma.

Mwendo uwe wa kutembea, usiwe wa kukimbia. Kejeli ikienda mbio, maneno hayasikiki, na wimbo huu unategemea kila neno. Manju avae kofia tu au mkanda tu. Sare kamili inageuza tamasha kuwa maigizo ya mavazi, na macho yanayashinda masikio. Nishani ya kukata kwa karatasi ya dhahabu inafaa sana: aishike mkononi tangu ubeti wa kwanza akiielekeza kwa Sotoka asiyeonekana, na kwenye kiitikio cha mwisho ajibandike mwenyewe kifuani. Watu watapiga kelele hapo, wape muda wao.

Ngoma zinyamaze kwa ubeti wa mwisho. Auimbe mtu mwingine, ikiwezekana mwanamke au mzee, akitokea katikati ya waitikiaji badala ya mbele. Baada yake kiitikio kirudiwe mara moja, ngoma zikiwa zimerudi na watu wote wakisimama.

Fundisha kiitikio kabla ya kuanza, bila kueleza wimbo unahusu nini. Dakika moja inatosha. Mbele ya wanafunzi, eleza historia baada ya wimbo, siyo kabla, wakishauliza wenyewe "Sotoka ni nani?", somo limekwisha kuanza.

Hatua ya tisa: kurekodi na kuweka mtandaoni

Rekodi mahali penye watu wa kuitikia. Wimbo wa kuitikiana ukiimbwa na mtu mmoja studio, akajirudia sauti mara tano, unapoteza ile nguvu ya umati unaomjibu mkubwa. Simu mbili zinatosha, moja karibu na manju na nyingine katikati ya waitikiaji.

Chini ya video andika maneno yote ya wimbo, kisha aya fupi ya historia: Massawa 1887, Umaasaini 1891, mikataba ya 1904 na 1911, kesi ya 1913, na 2011. Tafuta pia mtu wa kuufasiri kwa Kimaa, kwa kuwa wenye habari hii wana haki ya kuisikia kwa lugha yao.

Na uwe tayari na jibu, maana swali litakuja ndani ya saa ya kwanza: "Kwani unasema waliileta makusudi?" Jibu kwa utulivu kwamba wimbo hausemi hivyo popote, umwelekeze kwenye ubeti wa nne, na umuulize ni mstari gani kati ya ile minne ambao haukutokea.